Maswali Mawili ya Msibani

Kwetu Muheza, mtu akifika msibani anasalimia, anatoa pole, anaandikisha rambirambi yake kwenye daftari, kisha anamsogelea ndugu mmoja wa marehemu na kuuliza kwa sauti ya chini. Maswali ni mawili. Alifia wapi? Alikufaje? Aliyempenda marehemu atauliza, na aliyemchukia pia atauliza. Anayejibu huwa na jibu lililokwisha kukubaliwa ndani na wazee: presha ilipanda, sukari, aliamka mzima, akaanguka bafuni. Jibu hilo litarudiwa siku nzima, kwa kila kundi linaloshuka kwenye gari, mpaka anayelitoa halisikii tena.

Baba mdogo alipofariki mwaka 2004, jibu letu lilikuwa neno moja: ajali. Alifia Dar es Salaam, kwa ajali. Nilikuwa na miaka 11, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wenzangu shuleni. Nilikuja kusikia habari yenyewe nikiwa na miaka 19, kutoka kwa binamu yangu aliyekuwa amepanga naye chumba kimoja mjini. Aliitiwa mwizi. Ilikuwa jioni, Buguruni, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Walimpiga kwa mawe na magongo mpaka akakata roho. Alikuwa na miaka 26. Kama alikuwa ameiba au la, hakuna aliyejitokeza kusema, wala hakuna aliyejitokeza kusema ameibiwa.

Sisi ni Waanglikana. Kila Jumapili baba yangu, ambaye ni kaka wa marehemu, husimama kanisani na kuikiri imani pamoja na wengine. Katikati ya maneno makubwa ya uumbaji, ufufuko na uzima wa milele, linapita jina la mtumishi wa serikali: Pontio Pilato. Nikiwa mdogo nilidhani ni mmoja wa watakatifu. Baada ya kuambiwa habari ya Buguruni, jina lile lilianza kunisumbua kila lilipotajwa. Kwa nini watu wanaosimulia habari za Mungu wamtaje mkuu wa wilaya? Nilianza kusoma ili nijue, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba sehemu ile ya imani inajibu maswali yaleyale mawili ya msibani. Na tofauti na sisi, wenzetu wale wa zamani walitoa jibu lisilolainishwa.

*

Tuanze na wapi.

Injili zinapataja mahali penyewe kwa jina la Kiaramu, Golgotha, yaani fuvu la kichwa. Yohana anaongeza kwamba palikuwa karibu na mji, na kwamba hapo hapo palikuwa na bustani yenye kaburi. Waraka kwa Waebrania unasema aliteswa nje ya lango. Hakuna Injili inayosema palikuwa kilimani. Kile kilima chenye misalaba mitatu kilichomo kwenye kalenda za ukutani tumepewa na wachoraji.

Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo kwa karne nyingi limeaminiwa kusimama mahali hapo, leo limo ndani ya kuta za mji wa kale wa Yerusalemu, limebanwa na maduka na vichochoro. Jambo hilo liliwatatiza wengi: mahali pa nje ya lango panawezaje kuwa katikati ya mji? Wachimbaji wa karne ya 20 ndio waliosaidia kulijibu. Wakati wa Pilato ukuta ulipita kusini ya pale. Ule ulioingiza eneo lile mjini ulianza kujengwa na Herode Agripa kati ya mwaka 41 na 44, miaka kama kumi baadaye. Chini ya kanisa kulikuwa na machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Wachonga mawe walikuwa wamechukua mawe mazuri na kuliacha pande moja lenye nyufa, lisilofaa kujengea. Pande hilo ndilo linaloonyeshwa mpaka leo kuwa ndipo msalaba uliposimikwa. Karibu yake yamo makaburi ya Kiyahudi yaliyochongwa kwenye mwamba, na Wayahudi hawakuzika ndani ya mji.

Kwa hiyo tuwaze machimbo yaliyoachwa, na njia ya watu wanaoingia na kutoka mjini. Warumi walitaka watu wapite na waone. Ndiyo maana tangazo la kosa liliandikwa kwa lugha tatu, na Yohana anasema wengi walilisoma. Niliposoma hayo sikuhitaji picha. Nimewahi kusimama Buguruni saa kumi na mbili jioni, watu wakigombania magari, na kila mtu anaweza kuona kila kitu.

Mahali hapo pamefunikwa na kufukuliwa mara nyingi. Mfalme Hadrian, alipoujenga upya mji wa Yerusalemu kwa jina la Aelia Capitolina katika karne ya 2, aliweka hekalu la miungu ya Kirumi juu yake. Wakristo wa mji waliendelea kuonyeshana: ni hapa, chini ya hekalu hili. Karibu miaka 200 baadaye Constantine akalibomoa, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 335. Waajemi wakalichoma mwaka 614. Khalifa al-Hakim wa Misri akaliangusha mwaka 1009. Wapiganaji wa vita vya msalaba wakaliweka wakfu tena mwaka 1149, na sehemu kubwa ya jengo la leo ni yao. Sasa linatumiwa na madhehebu sita, na mara nyingine watawa wake wamepigana ngumi kwa sababu ya nani apite wapi. Waethiopia hawana nafasi kubwa ndani. Watawa wao wanaishi juu ya paa, kwenye vijumba vidogo vya udongo. Ufunguo wa mlango mkuu umetunzwa kwa karne nyingi na familia ya Waislamu, ya Joudeh, na familia nyingine ya Waislamu, ya Nuseibeh, ndiyo inayofungua mlango.

Wapo wasiolipenda kanisa hilo, lenye giza, moshi wa mishumaa na kelele za mahujaji. Mwaka 1883 Jenerali Charles Gordon wa Uingereza alitazama jabali moja kaskazini ya Lango la Dameski, akaona matundu mawili yanayofanana na macho ya fuvu, akaamini kwamba Golgotha ilikuwa pale. Karibu na jabali hilo kuna kaburi ndani ya bustani nzuri, na mahujaji wengi wa Kiprotestanti hupelekwa huko. Wachunguzi wa mambo ya kale wameona kwamba kaburi hilo lilichongwa miaka mamia kadhaa kabla ya Yesu kuzaliwa. Lakini nawaelewa wanaolipenda. Mtu wako akifa vibaya, unatamani angalau pawe mahali palipotulia, penye maua.

*

Sasa alikufaje.

Marko anatupa hata saa, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati asiyokuwa nayo msomaji wa Kiingereza, kwa sababu watu wale walihesabu saa za mchana kutoka macheo kama sisi. Saa tatu ni saa tatu yetu. Alisulubiwa saa tatu asubuhi. Saa sita giza likaingia. Saa tisa alasiri akafa. Yohana anahesabu vingine, kwake saa sita Pilato bado yuko kwenye kiti cha hukumu. Wote wanakubaliana kwamba ilikuwa Ijumaa, wakati wa Pasaka. Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na wanahistoria wengi huchagua kati ya mwaka 30 na 33. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba mtu huyo aliuawa na Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Mwaka 1961 huko Kaisaria lilipatikana jiwe lenye jina la Pilato na cheo chake. Alikuwepo, alikuwa na ofisi, na alitoa amri.

Madaktari nao wamejaribu kujibu. Pierre Barbet, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, alisema aliyetundikwa hufa kwa kukosa pumzi: uzito wa mwili unavuta mikono, kifua kinabaki kimejaa hewa, na ili aitoe inabidi ajisukume juu kwa miguu iliyopigiliwa. Miguu ikichoka, pumzi inakwisha. Frederick Zugibe, daktari wa Marekani aliyechunguza vifo vya watu kwa kazi yake, alifunga watu waliojitolea kwenye msalaba, mikono ikiwa imenyooshwa, akaona walipumua bila shida. Yeye akaegemea mshtuko wa mwili uliotokana na majeraha na kupungukiwa damu. Mwaka 1986 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha makala iliyounganisha yote mawili. Kabla ya msalaba alikuwa amechapwa mijeledi ya Kirumi, na damu ilikuwa imekwisha kumtoka nyingi. Huenda ndiyo sababu alikufa upesi. Wengine walikaa juu siku mbili, tatu. Marko anasema Pilato mwenyewe alishangaa kusikia amekwisha kufa, akamwita akida amhakikishie.

Nilisoma makala hizo usiku, moja baada ya nyingine, na nilijua nilikuwa natafuta nini. Nilitaka kujua ilichukua muda gani. Karatasi ya baba mdogo, ambayo baba anaihifadhi kwenye bahasha pamoja na hati za shamba, inasema majeraha ya kichwa. Haisemi dakika ngapi.

Katika kusoma huko nilikutana na jambo moja kwa Josephus, mwandishi Myahudi wa karne ya 1. Wakati wa vita vya Yerusalemu, mwaka 70, alikuwa upande wa Warumi. Siku moja akirudi kutoka kijiji cha Tekoa aliona watu wengi wametundikwa, na miongoni mwao akawatambua watatu aliofahamiana nao. Akamwendea jemadari Tito akilia, akamwomba, na Tito akaamuru washushwe na watibiwe. Wawili walifia mikononi mwa matabibu. Mmoja alipona. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi. Ilitosha mtu mmoja mwenye sauti apite njia ile na awatambue.

*

Aibu ya kifo kile ni vigumu kuiona leo, kwa kuwa msalaba tunauvaa shingoni. Ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Spartacus aliposhindwa, mwaka 71 kabla ya Kristo, wafuasi wake 6,000 walitundikwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Watu wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu tumezoea kuwaita wezi, ila Warumi hawakuwa na desturi ya kumtundika mtu kwa kuku au nguo. Neno la Kigiriki analolitumia Marko ni lile lile ambalo Josephus huwaitia wanyang'anyi wa msituni na watu wa maasi. Ningependa kuishia hapo, niseme jina "mwizi" huwa linabandikwa tu. Lakini Luka anamfanya mmoja wao akiri kwamba wao wawili wanastahili adhabu, na Yesu anamjibu kwa ahadi bila kumuuliza alifanya nini. Sehemu hiyo inanisaidia zaidi kuliko ile ya kwanza. Sijui baba mdogo alikuwa na nini mkononi jioni ile, na kwa habari hii haibadilishi kitu.

Wakristo wa kwanza waliijua aibu hiyo. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatine, ulipatikana mchoro uliokwaruzwa ukutani, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 200 hivi: mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na chini yake kijana ameinua mkono. Maandishi yanamdhihaki kijana huyo, Alexamenos, kwa kumwabudu mungu wake. Wakristo wenyewe kwa karne nyingi walichora mchungaji, samaki na nanga, wakaikwepa picha ya msalaba wenye mtu. Moja ya picha za zamani kabisa zilizowekwa wazi kanisani ni ya kwenye mlango wa mbao wa Santa Sabina, Roma, wa karne ya 5, wakati adhabu yenyewe ilikuwa imekwisha kufutwa. Hawakutaka kukichora kifo kile. Ila tangu mwanzo walikitamka: kwa msalaba, chini ya Pilato, nje ya lango. Aliyeuliza alijibiwa.

Shangazi yangu aliolewa Tanga mjini na akasilimu. Kwake Yesu ni Nabii Isa, na Qurani inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Siku moja, tukichambua mchele, nilimuuliza anavyoiona. Alisema, "Mwanangu, Mungu hawezi kumwachia mtume wake afe vile." Nilifikiri anazungumzia imani tu, mpaka nilipoona mikono yake imetulia ndani ya ungo. Yeye ni dada wa baba mdogo. Ndiye aliyechagua neno ajali.

Wako wengine pia waliomtoa Golgotha. Waahmadiyya wanaamini kwamba alishushwa msalabani akiwa hai, akasafiri hadi Kashmir, akafa mzee. Kaburi linaonyeshwa Srinagar. Katika kijiji cha Shingo, Japani, lipo kaburi jingine linalodaiwa kuwa lake, ambako inasemekana alilima na kufa akiwa na miaka 106. Watu huzicheka habari kama hizi. Mimi siwezi tena kuzicheka. Bibi yetu, mpaka anaondoka duniani, alikuwa akisema kwamba huenda yule aliyeletwa kwenye jeneza hakuwa mwanawe, kwa kuwa uso haukuonekana vizuri, na kwamba mwanawe yuko Afrika Kusini anatafuta maisha.

*

Tunajua ilikuwa Buguruni kwa sababu ya mwanamke mmoja. Alikuwa akiuza chakula kando ya kituo, na baba mdogo alikuwa akila kwake kwa mkopo. Fujo ilipotulia alimfunika kwa khanga yake, akakaa pale hadi polisi walipokuja, kisha akamtafuta binamu yangu chumba kwa chumba. Marko naye, anapofika mwisho wa habari yake, anasema wanafunzi walikuwa wamekimbia. Waliobaki ni wanawake, wamesimama mbali wakitazama. Anawataja kwa majina. Na jioni, mwili ulipolazwa, wawili kati yao waliangalia ulipowekwa. Jibu la alifia wapi, lililojengewa makanisa na kupiganiwa na wafalme, limetoka kwa watu waliokataa kuondoka.

Kuna mtu mwingine wa Yerusalemu ninayemfikiria. Mwaka 1968, wajenzi walipokuwa wakisawazisha ardhi kaskazini mwa mji, kwenye kilima cha Giv'at ha-Mivtar, yalipatikana makaburi ya karne ya 1. Ndani ya sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa kulikuwa na mifupa ya mwanamume wa miaka ishirini na kitu. Sanduku lilikuwa na jina lake, Yehohanan. Kwenye kisigino chake cha kulia ulikuwa umekwama msumari wa chuma wa sentimeta 11.5, ncha yake imejipinda, labda kwa kugonga fundo la mti. Haukuweza kutoka. Maelfu walitundikwa na Warumi, na huyu ni miongoni mwa wachache sana ambao mifupa yao inaonyesha hivyo.

Nawaza ndugu zake. Walipewa mwili, wakaulaza kaburini, na baada ya mwaka mmoja hivi, kwa desturi yao, wakarudi kukusanya mifupa. Msumari ulikuwa hapo. Wakauweka sandukuni pamoja naye, ndani ya kaburi la ukoo, karibu na watu waliokufa vitandani mwao.

Mwaka jana familia iliamua kuyajengea makaburi ya nyumbani upya, kwa vigae. Fundi alikuja na daftari lake kuandika maneno ya kuchongwa kwenye mawe. Kwa babu na bibi ilikuwa rahisi. Kwa baba mdogo, baba alitaja jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki. Fundi akauliza kama kuna la kuongeza, maana mstari mmoja ulibaki na bei ilikuwa ileile. Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za baraza, alimtazama kaka yake. Baba alikaa kimya kidogo.

"Andika Buguruni," alisema.

Fundi akauliza linaandikwaje, kwa "u" mbili au tatu. Shangazi ndiye aliyemtajia, herufi moja moja.